Kitanda cha Miguu Mitatu

Tarehe 4 Machi

Na hapo kwenye mapazia nakubali umenishinda, shangazi. Yale ya njano yalimulika chumba mpaka mtu anaamka akidhani nyumba inaungua. Nimeyatoa, nimetundika ya bluu uliyonipa, na mume wangu alipoingia akasimama mlangoni akasema chumba kimepoa kama maji ya mtungini. Ndivyo anavyosema mambo, kidogo kidogo, halafu ananitazama juu ya miwani yake, nami nasahau hata nilichokuwa nimeshika.

Nimetanguliza mapazia kabla ya salamu, utanisamehe. Shikamoo. Bibi hajambo? Magoti yake yanamruhusu kufika uani? Mwambie Kasuku wenu anamwamkia, na kwamba kweli naongea hata na sufuria sasa, maana mume akiwa kazini sina mwingine.

Sisi wazima. Leo ni miezi mitatu kamili tangu harusi, na mwaka mzima tangu siku ile alipoingia dukani kwako na mfuko wake wa karatasi. Unakumbuka? Nilikuwa napanga dawa za kikohozi. Uliniona namkodolea macho ukanituma stoo nikatafute pamba, na pamba yenyewe ilikuwa juu ya kaunta! Niliporudi alikuwa anatoka, mfuko hana, ameshika vidonge vya kichwa tu, na akaniambia samahani kwa kunipita. Samahani ile moja ndiyo iliyonileta huku. Nampenda, shangazi. Akirudi kutoka kwenye karakana ya miwani anakofanya kazi ana vumbi la vioo kwenye nyusi, nampangusa kwa kona ya kanga, na hapo siku yangu huwa imekamilika.

Nyumba nayo nimeizoea. Vitu vya marehemu mkewe walishavichukua ndugu zake, zimebaki hanga tupu kabatini na alama ya mafuta ukutani pale alipokuwa akiegemeza kichwa. Nimeisugua kwa sabuni mara mbili. Haitoki. Sijali, najua nilikuja nyumba yenye mtu aliyetangulia. Mume wangu husema tu kwamba aliugua tumbo, kisha huuliza kama kuna chai.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu. Nina muwasho huko chini, wiki ya pili sasa, na uchafu mweupe kama maziwa yaliyokatika. Naona haya hata kukuandikia wewe uliyeniogesha nikiwa mtoto. Hapa duka la dawa ni la baba mmoja mwenye sauti kama ya mnada, siwezi. Nitumie dawa kwa mtu wa basi. Umesema idara ya afya imekupa zile karatasi za kuwauliza wanawake arobaini wanapenda dawa ya namna gani, krimu, vidonge vya kuweka au vya kumeza. Basi niandike mimi wa arobaini na moja: nataka ile ambayo mume hataiona.

Na juu ya boksi unichoree kile kitanda chako, nicheke. Bado unawachorea wateja? Mwaka mzima nilikwambia kitanda kina miguu minne, nawe unachora mitatu, eti mteja anaelewa tu kwamba dawa ni ya kulala nayo, na ule mdomo uliopigwa msalaba kwamba haimezwi. Mchoraji gani wewe.

Wako anayekupenda,
Kasuku


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mapazia yamepata mahali pake. Bibi yako anafika uani akitaka, asipotaka ndipo magoti yanapouma. Paka wa dukani amezaa ndani ya katoni ya sindano, tumemwacha.

Karatasi za maswali zinakwenda vizuri kuliko nilivyodhani. Wanawake wakishaona nimefunga mlango wanasema. Mama wa genge la mboga anataka ya kumeza na basi, maana anasimama kutwa nzima na krimu inamtiririka, anahisi kila mnunuzi anajua. Mwalimu wa shule ya msingi anapenda krimu, anasema ile baridi yake peke yake ni nusu ya dawa. Fundi cherehani anachukia kile kijiti cha kusukumia, anasema kinamkumbusha kazi, anaweka kidonge kwa kidole. Kikongwe mmoja aliniuliza kama karatasi itasomwa na wanaume. Nikamwambia huenda. Akasema waandikie basi kwamba yeye anataka dawa isiyomlazimu kulala chali, maana akilala chali hainuki mpaka aitiwe watu. Nimeiandika hivyo hivyo.

Wengi wanasema kama wewe. Wanataka ile isiyoonekana. Vidonge vinaingia popote, kwenye mkoba, kwenye pakiti ya pedi, kwenye kikopo cha vifungo.

Dawa sitakutumia. Usikasirike. Nenda hospitali, wanawake wana chumba chao na muuguzi wa kike, mwambie akutazame kwa ndani, na akutazame na shingo ya kizazi. Usikubali mtu akupe kidonge bila kukutazama. Usinunue popote wala kuazima kwa mtu.

Msalimie mumeo. Anaendeleaje?

Shangazi yako


Tarehe 2 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Bibi apewe pole ya magoti na hongera ya ujanja. Huku mvua imeanza, bati linaimba, na mume wangu jana alirudi amelowa na ua moja la bustani ya jirani mfukoni, limepondeka, akalitoa kama mwizi. Nimelikausha ndani ya kitabu changu cha jiografia cha kidato cha nne. Cheka tu.

Hospitali sijaenda. Nilifika mpaka getini nikaona benchi refu la wanawake na kijana mmoja anaita watu kwa kusema ugonjwa wao, nikageuka kama niliyesahau mwavuli.

Halafu jambo hili. Jumanne nilikuwa napangusa juu ya kabati la nguo, nikashika pakiti ya pedi ya zamani, imesukumwa mpaka ukutani. Ndani hakukuwa na pedi. Kulikuwa na boksi la vidonge vya kuweka, sita, vitatu vimetumika na vitatu vipo, na kijiti chake kimeoshwa kikafungwa kwa karatasi ya chooni, nadhifu kabisa.

Nitakwambia ukweli kwa kuwa sina pa kuusemea. Tarehe ilikuwa haijapita. Nikangoja mume atoke, saa sita mchana, nikafunga mlango, nikaweka kimoja. Kesho yake kingine, kesho kutwa cha mwisho. Nililala chali nikatazama dari hiyo hiyo aliyokuwa akiitazama. Mara ya tatu nilihisi godoro limebonyea upande wa pili, kama mtu anayekaa polepole asikuamshe. Hakukuwa na mtu. Muwasho umetulia, lakini tangu siku hiyo sipendi kulala mchana.

Nilipokuwa nalitupa boksi ndipo nikaligeuza. Shangazi, kuna kitanda. Kalamu ya bluu, miguu mitatu, na pembeni mdomo wenye msalaba. Nilicheka kwanza, nikasema shangazi amenitumia dawa kumbe! Kisha nikakumbuka hukutuma. Nimekaa na boksi hilo mapajani mpaka chai ikapoa.

Najua kwao marehemu ni huko huko kwenu, na ndiko alikozikwa. Lakini nilikaa nawe dukani mwaka mzima baada ya shule, hukuwahi kusema unamjua. Alikuwa anakuja kwako?

Kasuku


Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Bibi anakusalimu. Watoto wa paka sasa wanakimbia, mmoja ana doa puani. Mvua imeingia stoo tukahamishia maboksi juu ya meza. Wanawake arobaini wametimia na karatasi nimezipeleka idarani.

Umekwenda hospitali? Kutulia si kupona. Nenda wiki hii.

Shangazi yako


Tarehe 1 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari za paka.

Nimeisoma barua yako mara nne nikiitafuta sehemu uliyonijibu, nikadhani karatasi ya pili imeanguka ndani ya basi. Nimemuuliza hata mtu wa basi. Akasema mama, bahasha nimeipokea imefungwa.

Muwasho umerudi, na zaidi ya mwanzo. Mume wangu ameona sina raha. Ameniuliza kwa ule upole wake kama amenikosea, nikamwambia ni mafua. Mafua, shangazi! Nimelala pembeni yake nikiwa na siri juu ya kabati, na nikajua hivi ndivyo alivyolala yule mwingine. Sasa nikipita kwenye ile alama ya mafuta ukutani natembea upande. Jana nilijikuta nimekaa kitako chini yake, kichwa changu kimefika pale pale. Tulikuwa na kimo kimoja.

Umenilea tangu mama alipofariki. Nilipovunja chupa ya dawa ya macho ukasema ni paka aliyeivunja. Kwa hiyo najua unavyonyamaza ukiwa unamlinda mtu. Safari hii sijui unamlinda nani.

Unataka niende hospitali. Sawa. Nitaenda siku utakayoniambia alichokuja kununua kwako na kwa nini mume wangu alikuja na mfuko wa karatasi. Mpaka hapo sitoki. Nami ni mkaidi, umenifundisha wewe.

Kasuku


Tarehe 24 Mei

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Bibi ameniona nikichoma karatasi jikoni akaniuliza ni barua ya hawara. Nikatamani ingekuwa hivyo.

Alikuwa anakuja kila akija kuwaona wazazi wake. Alikuwa mpole, ana sauti ndogo, anangoja watu waishe. Mara ya kwanza alisema anawashwa na anatokwa na uchafu. Nilimwonyesha krimu, akasema bomba la kusukumia ni kubwa, na lazima lioshwe na kuanikwa, mumewe ataliona. Nikampa vidonge, nikamchorea kitanda. Akacheka mguu haupo, kama wewe. Mwezi uliofuata akarudi. Na uliofuata. Maboksi kumi na moja, mwanangu. Sikumtazama hata mara moja, wala sikumwambia aende kwa wa kumtazama. Nilimuuliza tu, kama kawaida? Akasema kama kawaida. Tulifika mahali nikimwona mlangoni mkono unaenda wenyewe kwenye rafu.

Mara ya saba au ya nane alisema jambo. Alikuwa ameugeukia upande wa dawa za meno, kama anasoma bei. Alisema, "Siku hizi nikikutana na mume wangu naona damu."

Nilimsikia. Kulikuwa na mteja nyuma yake. Nikasema ni kwa kujikuna, nikafunga boksi. Akashukuru.

Haikuwa fangasi, au haikuwa fangasi peke yake. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, na walipoiona hospitali ilikuwa imeshakwenda mbali. Nilisikia msibani kwao, nimebeba sahani.

Miezi miwili baadaye mumewe akaja na mfuko. Ndani mlikuwa na maboksi mawili, vitanda vyangu juu yake. Aliyaweka juu ya kaunta, ndipo nikakutuma pamba. Akaniuliza, "Mama, hizi zilikuwa za nini?"

Nikamwambia, "Za fangasi tu. Kila mwanamke hutumia."

Niliufagia mfuko chini ya kaunta kwa mkono huu ninaoandikia. Akanunua vidonge vya kichwa, akakuomba samahani wewe. Samahani yenyewe aliitoa yeye, si mimi.

Ulipokuja kuniambia unampenda, ningesema. Nilifungua mdomo. Ulikuwa umejifunga kanga kichwani unacheka peke yako, nikauliza anapenda chakula gani. Niliogopa utamwacha, tena niliogopa utakwenda naye na kujua. Tangu hapo nimekuwa nikimwona, si kwa macho ya mzuka, usije ukasema shangazi amechanganyikiwa. Nikihudumia mtu mwenye sauti ndogo, namwona nyuma yake anasoma bei za dawa za meno, anangoja watu waishe.

Zile karatasi za idara zilikuwa na swali, unapenda ipi, na kwa nini. Hakukuwa na swali, umerudi mara ngapi. Nikaliandika mwenyewe chini kwa mkono, karatasi zote arobaini. Wanne walikuwa wanarudi kila mwezi. Nimewapeleka wote wanne hospitali, mmoja mmoja, nimefunga duka. Watatu hawana kitu. Mmoja walimkuta na kidoa wakamtibu siku hiyo hiyo, ni yule fundi cherehani.

Hilo halimrudishi mtu. Najua. Nimelijibu swali lako. Sasa nenda.

Shangazi yako


Tarehe 6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nilikaa siku mbili bila kuandika kwa kuwa sikujua nianze na hasira au na habari. Naanza na habari, hasira nitakuja nayo.

Nimekwenda. Safari hii nilipita kwenye benchi kama mtu anayekwenda kulipia maji, nikakaa. Muuguzi ni mama mnene mwenye slipa za manyoya, akaniuliza naogopa nini, nikasema kile chuma cha kutazamia ndani. Akakipasha chuma kwenye maji ya vuguvugu. Akaniambia nikohoe, nikakohoa, kumbe ameshakiingiza. Akapaka siki, eti doa baya hugeuka jeupe, tukangoja kidogo, naye akatazama kwa tochi huku ananisimulia mwanawe anayekataa kuoga. Kisha akasema, "Safi. Shingo ni safi kabisa. Hii ni fangasi, binti yangu."

Kulikuwa na saa ukutani. Dakika tano, shangazi. Nilizihesabu kutoka kuvua mpaka kuvaa. Nimepika mayai yaliyochukua muda mrefu zaidi. Nililia pale kitandani na yule mama akadhani ni furaha, na furaha ilikuwemo, lakini nilikuwa nawaza kwamba yeye alisafiri mara kumi na moja na hakuna aliyempa dakika tano.

Akaniuliza nataka ipi, ya kuweka, ya kumeza au krimu. Nilitaka kusema ile isiyoonekana, mdomo ukakataa. Nimechukua krimu, na bomba lake kubwa la plastiki. Naliosha na kulianika kwenye dirisha la bafu, pembeni ya brashi yake ya ndevu.

Aliliona siku ya kwanza. Akasimama nalo mkononi, limelowa. Akauliza kama ni langu. Nikasema langu. Akauliza ni la nini, nikamwambia la nini, na kwamba nimetazamwa na ni safi. Mume wangu alikaa kwenye ukingo wa beseni. Sijawahi kumwona amevua miwani mbele yangu akiwa macho. Nikamletea lile boksi. Kisha nikampa barua yako. Nisamehe, au usinisamehe. Sikutaka kuwa na kitu kingine juu ya kabati.

Aliisoma mpaka mwisho, akarudi kwenye ukurasa wa katikati, pale pa dawa za meno. Hakupiga kelele. Alisema siku ile dukani alijua, kwa sababu ulimjibu ukitazama mikono yake. Alisema aliuacha mfuko na jibu akalibeba, na amelibeba mwaka huu wote bila kuliamini. Halafu akaenda kukaa chini ya ile alama ukutani, ameegemea kwa bega, kama watu wawili wanaongoja basi. Nilimwacha. Nilipomwita chai akaja, akanishika mkono mezani mpaka vikombe vikapoa. Nampenda zaidi kuliko nilivyompenda nilipokuwa sijui kitu, na hilo linaniogopesha kidogo.

Ile alama sitaisugua tena.

Hasira yangu ni hii. Uliniogesha, ukanilisha, ukanisomesha mpaka kidato cha nne, kisha ukaniacha nilale chini ya dari na juu ya godoro la mtu uliyemjua kwa sauti. Lakini umewapeleka wale wanne kwa miguu yako. Sijui nitayaweka wapi mambo haya mawili, hayakai rafu moja.

Mwambie bibi atengewe kiti cha uani, na paka mwenye doa puani asigawiwe, namtaka. Tunakuja wawili. Mume wangu ameshaomba ruhusa karakanani. Kwanza utatupeleka alipozikwa marehemu, maana mimi sijawahi hata kumwamkia. Kisha tutapita dukani. Lile boksi analo kwenye mfuko wa koti, ameshalikunjia karatasi. Amesema atasimama kwenye kaunta na kuliweka pale pale, na atakuuliza swali lile lile kwa maneno yale yale, naye safari hii hana haraka. Kama kuna wateja watangulie, tutangoja waishe.

Fua mashuka ya kitanda tutakacholalia. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako.

Kasuku